Jino Ambalo Mwalimu Hakulizika

Mwalimu hakupokea kitu bila kukigeuza. Umpe papai, atalipindua atazame kitako. Umpe kadi ya harusi, atasoma kwanza jina la mchapaji lililoandikwa kwa herufi ndogo kule chini, ndipo aulize nani anaolewa. Mwaka ule tulipogawiwa vyandarua vya bure, mtaa mzima tulivifunga siku ile ile tukalala. Yeye chake alikitundika uani siku mbili, na kila asubuhi alitoka kukagua kama nzi wanaotua juu yake wanakufa. Siku ya tatu akakiingiza ndani. Tulipomuuliza akasema, "Nimekwisha kukiona."

Nakiri mapema kwamba na mimi si mwepesi wa kuamini. Kazi yangu ni utabibu wa meno, kwenye kituo cha afya hapa hapa Ngamiani, na kutwa nakaa na watu wanaoniapia kwamba wanapiga mswaki mara mbili kwa siku huku nikiona kwa macho yangu kwamba hawapigi. Kazi hiyo inaharibu moyo wa mtu. Kwa hiyo nikisema kwamba Mwalimu nilimshuku miaka mingi, mjue sikuwa nikimwonea yeye peke yake. Nilimshuku kwa mazoea. Baadaye nilimshuku kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyonitia aibu.

Alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa barabara ya kumi na tatu na zile za jirani walikaa kwenye mikeka barazani kwake baada ya alasiri, kila mmoja na msahafu wake au juzuu yake, na yeye alikaa kwenye kiti kifupi cha kamba akiwa na chelewa moja, kijiti cha ukuti wa mnazi, mkononi. Chelewa hiyo haikuwa ya kuchapa. Aliielekeza kwenye herufi, na mtoto akikosea aliigonga mara moja kwenye ukingo wa mkeka, ta! Hakupandisha sauti. Wanawake wengine waliofundisha chuo pale mjini walikuwa wakali zaidi yake, na watoto walitoka mapema zaidi. Kwake mtu aliweza kukaa wiki nzima kwenye aya moja.

Nami nilikaa pale kuanzia miaka mitano. Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni sheria yake ya pengo, ambayo sikuisikia chuo kingine chochote, si Tanga wala Pangani. Mtoto aking'oka meno ya mbele ya juu, Mwalimu alimsimamisha. Hakupewa sura mpya mpaka meno yaote. Alirudia za zamani kimoyomoyo, au alipewa kazi ya kuwashikia wadogo juzuu zao zisipeperuke.

"Kuna herufi zinasimama kwenye meno," alituambia. "Ulimi unakwenda kugonga pale. Sasa wewe utagonga wapi, hewani? Ukiizoea vibaya leo, utazeeka nayo hivyo hivyo."

Wazazi hawakuipenda hata kidogo. Mama yangu, ambaye hajawahi kunyamazia jambo, alimfuata mpaka barazani.

"Mwalimu, huyu ni mtoto. Mungu si anajua kwamba ana pengo?"

"Anajua," Mwalimu akamjibu. "Lakini mie ndiye niliyepewa nimfundishe."

Mama akarudi nyumbani akipiga mdomo njia nzima. Nami, niseme kweli, nilifurahi. Nilikuwa na miaka saba, nimefika kwenye sura ya Al-Kauthar, na kushika juzuu za wadogo ilikuwa raha kuliko kusoma. Meno yalipoanza kuota nikayaficha. Nilizungumza nimebana mdomo wa juu kama niliyeumwa na nyuki. Nikaenda hivyo majuma mawili au matatu, mpaka siku moja Mwalimu akaniita mbele, akaninyanyua mdomo kwa kidole gumba. Kidole kilinukia iliki.

"Haya yameota lini?"

"Jana, Mwalimu."

"Jana," akasema. Akayatazama tena. "Yamefika hapa tangu jana?"

Wenzangu walicheka mpaka wakaanguka mikekani. Akanianzisha Al-Kauthar siku ile ile, lakini kabla hajaniridhia, baba alipata kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, tukahama. Sura ile nikaja kuisoma kwa mwalimu mwingine, siku mbili tu, nikapita. Kwake sikuwahi kupita.

Lakini mtu huyo huyo, aliyetushuku mpaka meno yetu, mlango wake haukuwa na komeo. Nasema kweli. Sanduku lake la nguo lilikaa wazi, sukari yake ilikaa barazani, mtu akitaka kuazima sufuria aliingia akachukua. Niliporudi Ngamiani mtu mzima, nimeajiriwa kituoni, nilimuuliza haogopi wezi?

"Mwizi namjua anataka nini," akasema. "Huyu anayenijia na zawadi ndiye nataka kumjua."

Na kweli, kila aliyekwenda kwake na neno la heri aliulizwa swali moja, nami nikaulizwa mara nyingi kuliko wote: "Nani kakutuma?" Ukisema hujatumwa, anakutazama tu. Ukimtaja aliyekutuma, anakuuliza, na yeye nani kamtuma. Walikuja vijana waliovaa fulana za rangi moja kuandikisha wazee, wakakaa barazani saa nzima, wakaondoka wameandika jina lake tu, tena nusu. Yeye alibaki na majina yao yote na majina ya mama zao.

Sasa nije kwenye meno.

Miaka kadhaa nyuma kituo chetu kiliingizwa kwenye mpango wa wazee. Aliyetimiza sitini alikuja na kitambulisho chake, akaingia chumbani kwangu, akatibiwa bila malipo. Zamani mzee alipoumwa na jino alimaliza karafuu za dukani, akalala na shavu limevimba kama andazi, na mwisho alikwenda kwa fundi wa uchochoroni mwenye koleo la baiskeli. Kwa hiyo tulishangilia. Walikuja wa Ngamiani, walikuja wa mbali pia, mpaka wavuvi wazee kutoka Ushongo. Tangazo lilibandikwa mlangoni: huduma ya meno kwa wazee, bure.

Ila huduma yenyewe ilikuwa kung'oa. Dawa ya kuzibia haikuwemo kwenye mpango. Aliyetaka kuzibwa alilipa. Meno ya bandia ndiyo kabisa, waliyaweka fungu moja na mambo ya urembo. Sikuuliza. Kazi ilikuwa nyingi, foleni ilifika mpaka kwenye mti wa nje, nami nilijiona mtu wa maana. Nilichoma ganzi, nikang'oa, nikasema anayefuata. Mezani niliweka vikaratasi nilivyokwisha kuvikata, kwa sababu wazee wetu hawaachi jino hospitalini. Mtu wa pwani jino lake analitaka mkononi, akalizike kwake, asije akalikuta mtu mwenye nia yake. Nami niliwafungia, wakaenda zao.

Mwalimu alikuja siku za mwanzo mwanzo kabisa. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye kiti baada ya kukitikisa. Meno mawili ya mbele ya juu yalikuwa yakimsumbua. Nikamng'oa yote mawili, nikamfungia kwenye karatasi, akaifungua pale pale akahesabu, akaifunga tena, akaondoka. Hakunishukuru, na sikutarajia.

Baada ya hapo vituko vikaanza. Wazee wa barabara ya kumi na tatu wakaacha kuja. Za jirani wanakuja, ya kumi na tatu hakuna. Nikauliza, nikaambiwa ni Mwalimu. Anakaa barazani, mzee akipita ameshika shavu anamwita, anamwambia, "Kule wanatoa tu. Uliza kwanza kama wanarudisha." Hata mama yangu mzazi, mwenye jino linalocheza kama kengele, akakataa kukalia kiti changu. Mtoto wake mwenyewe ndiye tabibu, lakini anamsikiliza Mwalimu!

Niliwaka. Nilimkuta njiani anatoka sokoni, leso ameivuta mdomoni kama kawaida ya wanawake wa umri wake, nikamwambia bila kuzunguka, "Mwalimu, unawatisha watu. Wanaumwa bure."

"Mnarudisha?"

"Kurudisha ni mambo mengine."

"Basi nawaambia kweli," akasema, akapita.

Na mwezi ule ule, chuo kikafungwa. Hakutangaza. Watoto walikwenda siku moja wakakuta mikeka imekunjwa imesimamishwa ukutani, na Mwalimu yuko ndani. Kesho yake vivyo hivyo. Akawaambia wazazi watafute kwingine.

Jamani, Ngamiani! Kila kona walikuwa na habari yake. Wengine walisema amegombana na watu wa msikiti. Wengine wakasema kuna tajiri anaitaka nyumba ile na ameanza kulipwa kidogo kidogo, ndiyo maana hataki kelele. Muuza mkate wa ajemi alisema amepatwa na kifua, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa na langu. Nilisema huyu mwanamke ameona watu wananifuata mimi kituoni kuliko yeye barazani, akaona wivu, akasusa. Nikaliamini kabisa. Nilimweleza kila aliyekalia kiti changu, na aliyekaa kwenye kiti changu mdomo wazi hana la kujibu.

Nilimweleza na mama pia, jikoni kwake, anamenya muhogo. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza.

"We mtoto una akili kweli?" akasema. "Si yeye huyu aliyewasimamisha kwa pengo? Nikamfuata mpaka barazani kugombana naye? Sasa leo yeye mwenyewe hana meno ya mbele. Ulitaka herufi zisimame wapi?"

Mama akaendelea kumenya.

"Juzi nilimsikia nyuma ya pazia anajaribu peke yake," akasema. "Anaitafuta ile herufi. Inamtoroka. Anarudia, inamtoroka. Nikaondoka nisimwaibishe."

Sitaki kueleza nililalaje usiku ule. Kwa sababu mama alijua nusu tu. Nusu nyingine niliijua mimi na kiti changu. Katika yale meno mawili, moja lilikuwa limekwisha, limeoza mpaka mzizini, hata shetani asingeliokoa. La pili lilikuwa na kidoa pembeni, pale lilipogusana na mwenzake. Kidoa tu. Lilikuwa la kuchimbwa kidogo na kuzibwa, akaishi nalo mpaka kaburini. Lakini kuziba ni kwa hela, na nilimtazama lile buibui lake lililopauka nikasema moyoni, huyu hana. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Yote mabovu, Mwalimu." Naye, mtu asiyeamini chandarua, akafumba macho akafungua mdomo. Labda kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake.

Kumbe barabara nzima nilikuwa nikiipita namtafuta aliyefunga chuo, na aliyekifunga ni mimi.

Nikaanza kupiga kelele kwenye vikao. Sijisifu, kwa sababu hata hilo nililifanya kwa kuchelewa, na waliopiga kelele hizo walikuwa wengi, wa mijini na vijijini. Kila wakubwa wa mpango waliponiuliza idadi ya waliong'olewa, niliwauliza hao waliong'olewa wanatafunia nini. Ilichukua muda. Mwisho, mwaka jana, ukaja waraka: wazee wa mpango wataweza kuzibwa, na waliobaki na mapengo watatengenezewa meno ya kuvaa, bila malipo. Nikausoma mara mbili. Halafu nikaugeuza nyuma nikatazama kama kuna kitu kimeandikwa. Hakukuwa na kitu.

Jioni ile nikaenda barabara ya kumi na tatu na nakala mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Safari hii sijatumwa."

Akanitazama. Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma upande wa kwanza, akasoma upande wa pili ambao ulikuwa mtupu, akaiinua kwenye mwanga.

"Haya meno, wanayatoa kwa nani?"

"Hayatoki kwa mtu, Mwalimu. Yanatengenezwa. Ni kama plastiki ngumu."

"Yakivunjika?"

"Unarudi, tunatengeneza."

"Na ukihamishwa wewe?"

"Atakuwepo mwingine."

"Mwingine simjui." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka kifuani. "Nimesikia," akasema. Maana yake nenda.

Akapitisha mwezi. Akaja siku ambayo sikumtarajia, asubuhi na mapema, wa kwanza mlangoni. Nikamchukua kipimo kwa lile donge laini linalogandia kinywani, akaliuma, akakunja uso, akaniuliza kwa ishara lina nini ndani. Akarudi mara ya pili, na ya tatu. Hakusema jambo lolote ila habari ya meno, nami nilishukuru. Kila nilipotaka kufungua mdomo nimwambie lile la kidoa, alikuja mgonjwa, au simu ililia, au nilijifanya kwamba imelia.

Siku ya kuyavaa ilikuwa Jumatatu. Nikayaweka mahali pake, nikayakaza, nikampa kioo. Kioo hakukitaka. Akageuza uso ukutani, akashusha sauti, nikamsikia anaanza herufi moja moja kutoka ya kwanza. Alipofika kwenye ile ya nne, ya kutoa ulimi kwenye ncha za meno, akasimama. Akaijaribu. Ikatoka nzito kidogo. Akaijaribu tena, ikatoka safi kama alivyokuwa akiitoa nilipokuwa na miaka saba. Mabega yakamshuka. Nami machozi yakanijia, nikajifanya natafuta glavu.

Ndipo akafungua pindo la leso. Alikuwa amelifunga fundo. Akatoa kikaratasi, kile kile changu, kimekuwa cha njano, akakifungua juu ya trei yangu.

Lilikuwa jino moja.

"Lile la kwanza nililizika siku ile ile," akasema. "Nilipoliona lilivyooza nikasema hili nenda zako. Hili nimelitafuta tundu lake mpaka nimechoka. Nimelipeleka juani. Nimelitazama kwa miwani ya jirani yangu. Nikasema siliziki mpaka nijue. Sasa wewe ndiye tabibu. Nionyeshe tundu."

Nikalishika. Kidoa kile pale, kama punje ya uwele. Ningeweza kumwambia uozo ulikuwa ndani, hauonekani. Asingekuwa na njia ya kuhakiki.

"Halikuwa bovu," nikasema. "Lingezibwa."

"Ukaling'oa."

"Kuziba kulikuwa kwa kulipia. Na watu walikuwa wengi. Nikadhani huna."

"Uliniuliza kama ninazo?"

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza," akasema. Akalirudisha jino kwenye karatasi taratibu. "Siku zote hizo naambiwa nimesusa, nimehongwa, nina kifua. Nami nanyamaza, nasema pengine jino lilikuwa bovu, na mie ndiye mwenye dhana mbaya."

Nikaomba radhi. Sina njia nzuri ya kueleza jinsi nilivyoomba. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya kituo na koti langu jeupe, na muuguzi akachungulia akafunga mlango. Mwalimu hakunambia nimekusamehe. Alisema, "Kesho baada ya alasiri uje nyumbani. Njoo na kitu cha kuchimbia."

Nikaenda na kijembe cha mama. Mikeka ilikuwa imetandikwa tena barazani, watoto sita saba wamekaa, wengine siwajui. Akanipeleka uani, kwenye mndimu. Nikachimba.

"Chimba zaidi."

Nikachimba.

"Zaidi. Kuku wa jirani siwaamini."

Nikachimba mpaka kijembe kikazama chote. Akainama mwenyewe, akaliweka jino, akarudishia udongo kwa mkono, akaushindilia kwa kisigino. Tukarudi barazani. Nikadhani tumemaliza, nikamnyooshea mkono wa kuaga. Hakuushika. Akanionyesha mkeka, mwisho kabisa, karibu na mtoto mmoja mwenye pengo aliyekuwa ameshika juzuu za wenzake.

"Uliishia Al-Kauthar," akasema. "Soma."

Nina miaka arobaini na kitu. Sura ile naisoma kwenye sala kila siku ya Mungu, nusu ya wanawake wa mji huu wamenisikia nikiisoma. Nikakaa, nikaivuta sketi yangu ya kazini, nikaanza. Sikuimaliza aya ya kwanza. Chelewa iligonga ukingo wa mkeka, ta! Watoto wakaanza kucheka chini chini.

Mwalimu akasogea. Akaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akatazama kushoto, akatazama kulia, hana haraka.

"Meno unayo," akasema. "Rudia."